Saa Sita ya Mashine

Malindi, Alhamisi, Machi 1987

Jua la leo lilikuwa la kubabua, na mimi nilishababuka kabla halijapanda. Naandika hasira hazijanitoka.

Kosa ni langu. Nalitanguliza hapa asije mtu akasema nimelificha.

Jana jioni, kabla sijafunga kijichumba cha kompyuta nyuma ya mapokezi ya hoteli, niliiachia mashine amri: ikifika saa sita, ifute programu ya zamani ya kupangia wageni vyumba. Kisha mimi mwenyewe niweke mpya, iliyoletwa kwenye diski tatu kutoka Nairobi. Saa sita mchana wageni wa kuondoka wameshaondoka, wa kuja hawajafika. Nikaandika 6:00, nikavaa buibui langu, nikaenda zangu kwetu Mambrui.

Sita! Mashine ile haikuzaliwa pwani. Sita yake ni saa kumi na mbili alfajiri. Hayo nimefundishwa tangu skuli, na bado mkono uliandika uliyoyazoea.

Nilipoingia saa mbili, programu haipo. Kadzo wa mapokezi kazungukwa na Wajerumani na mabegi yao, hajui nani analala wapi.

"Dada Zuhura, nifanyeje?"

"Waulize kwa adabu, uandike kwa kalamu."

Meneja wetu, Bwana Mutua, akaja mbio. Hakuuliza kimeharibika nini. Alinyoosha mkono tu.

"Nipe ufunguo wa chumba cha kompyuta, Zuhura. Namwita fundi wa Nairobi. Wewe rudi kwenye taipureta yako."

Taipureta yangu! Miezi saba nimekisoma kitabu cha mashine ile wenzangu wakila chakula cha mchana. Hakuna aliyenituma, wala hakuna aliyenishukuru.

Ufunguo sikuutoa. "Fundi atafika kesho, bwana. Mimi nipo leo." Nikaingia, nikajifungia kwa ndani.

Nikatia diski ya kwanza, nikaandika amri. Ikagoma. Nikarudia, ikagoma tena. Nilitaka kulia, nikajikaripia. Ndipo nikayasoma vizuri yale maandishi ya kijani: programu hii haikai mpaka itanguliwe na nyingine, ile ya kupanga majina. Nayo iko wapi? Kwenye diski ya tatu. Huko Nairobi walizipa namba bila mpango, na mimi nikazifuata kibubusa.

Nikaanza na ya tatu, kisha ya kwanza, kisha ya pili. Mstari mmoja mmoja, nasoma mara mbili kabla ya kubonyeza. Majina ya wageni yalikuwa salama muda wote, yalikosa tu wa kuyasoma.

Saa nne na nusu orodha ikaanza kutoka kwenye printa, chumba kwa chumba. Kadzo akapiga kigelegele pale pale mapokezi. Wajerumani nao wakapiga makofi, sijui walidhani kuna harusi.

Bwana Mutua aliisoma orodha kutoka juu hadi chini. Hakupata pa kukosoa.

"Haya. Lakini kesho ufunguo uniletee."

Nimeufunga kwenye pindo la leso, na leso iko kiunoni mwangu.

Kesho akiuomba nitamwuliza diski ipi hutangulia. Akijua, nitampa.