Baba Ndani ya Filimu ya Dawa

Siku ya tatu, 6 mwezi wa tano
Nimepiga pasi koti ya Baba mara ya tatu. Ya tatu! Siku ya posho, tarehe 9, Padiri ataonyesha filimu ya zamani ya Babelji, yenye bazungu balipiga kule Mbau. Inaonyesha namna dawa yao iliponyesha mutoto. Mutoto ule ni Baba. Butembo nzima inajua. Hakuna matanga ao ndoa yenye hakusimulia.

Siku ya tano, 8
Baba hapana kula. Ameuliza mara ine kama courant ya umeme itakuwa. Amenichokesha. Lakini nikimuona mbele ya kioo anajifunza kupunga mukono, nafurahi kama mujinga. Hana kingine cha kujivunia.

Siku ya posho, 9
Haya. Haya tupu.
Salle ilijaa. Mutoto mwembamba, mbavu zote inje, muzungu anamupiga sindano. Sauti ya Kifaransa ikasema: nyuma ya juma mbili. Akatokea mutoto wa mashavu, anapigia bendera ya Babelji saluti. Wa mashavu ni Baba, kabisa. Mwembamba? Masikio yake sahani mbili! Ya Baba ni vifungo vya shati.
Mama Kavira, jirani, akapaza sauti: “Eh! Dawa inapunguza masikio!” Batu bakacheka mupaka Padiri akashika tumbo. Baba akatoka, kofia akaacha. Nilimuchukia Kavira.

Yenga, 10
Hatukuenda misa. Nyuma ya chai Baba akasema yote. Hakugonjwa hata siku moja. Bazungu balitafuta tu mutoto munene. Mugonjwa alikuwa Paluku, rafiki yake. Balimupiga sindano ya maji, bakafunga kamera, bakapanda gari. Baba aliona. Halafu familia ya Baba ikahama, naye akaogopa kuuliza kama Paluku alikufa. Basi akajifanya yeye ndiye mugonjwa. Katika hadithi yake, mugonjwa anapona.
Nilikuwa na kasirani. Kisha nikalia.
Mangaribi Kavira akaleta kofia, akaomba musamaha. Akasema masikio ile anaijua: iko Bungulu, kule Beni, inauza mbao.

Siku ya pili, 12
Beni. Paluku ni muzee munene, anajaza kiti. Baba amekonda. Akaomba musamaha. Paluku akasema mama yake alimuponyesha na uji, miezi sita.
Akauliza neno moja tu: “Ile kilo ya sukari bazungu balikupa, ulikula peke yako?”
“Peke yangu.”
Paluku akavuta kopo la sukari, akaliweka upande wake mwenyewe. Baba akakunywa chai kavu, bila sukari, akaomba kikombe kingine.