Nimemfuta Mama Mkubwa

Alhamisi, mwezi wa nane. Mandewa. Upepo umevuma tangu alfajiri, na baridi ni ile ya kupasua midomo. Nimefunga dirisha na bado vumbi limeingia mpaka kwenye kikombe.

Leo asubuhi nimekwangua uso wa mama mkubwa kwenye kanvasi. Nimeanza na kisu cha rangi, nikamalizia na vitambaa vyenye tapentaini. Kazi ya miezi mitatu imeondoka kabla chai haijapoa.

Nilipomaliza nilijisikia mwepesi. Nakiri hilo mapema, kwa sababu wepesi wenyewe haukufika hata saa tisa.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni mchoraji. Nachora sura za watu kwa rangi za mafuta, hapa Singida mjini, kwenye chumba kimoja ambacho nusu ni kitanda na nusu ni stendi ya kuchorea. Kinachonilisha ni mabango ya saluni na maandishi ya kwenye milango ya maduka. Mama mkubwa ni dada wa marehemu mama yangu. Alinilea kule Kinyangiri tangu nikiwa darasa la pili. Amefariki mwezi wa saba. Jumamosi hii ni arobaini yake, na picha yake inatakiwa itundikwe sebuleni mbele ya ukoo mzima.

Picha hiyo ndiyo niliyoikwangua.

Nilianza uchoraji kwa kunakili picha za pasipoti. Watu walikuwa wananiletea vipicha vya vitambulisho, nami navikuza kwa penseli, halafu kwa rangi ileile ya mafuta tunayopaka milango. Miaka nenda miaka rudi nilichora watu waliokaa kama wanasubiri kusomewa mashtaka. Walisifia, nami nikajiona fundi. Nilipopata rangi zenyewe za wachoraji, zile za kwenye tyubu, ndipo nilipogundua kwamba sijui kitu. Sikuwahi kumtazama mtu aliye hai kwa saa nzima na kuweka nilichokiona. Nilikuwa nanakili kivuli cha kamera tu.

Mama mkubwa ndiye mtu wa kwanza aliyekubali kunikalia. Na huyu ni mtu ambaye ukitoa simu umpige picha, anajifunika khanga usoni na kukwambia uache utoto. Hakuna picha yake mahali popote isipokuwa ile ya kitambulisho cha taifa, ambayo mwenyewe alisema siyo yeye. Kwangu alikubali. Alisema kuchorwa ni sawa, kwa sababu unamwona anayekuangalia.

Basi kuanzia mwezi wa nne, kila Jumamosi nilikuwa napanda gari kwenda Kinyangiri na kanvasi yangu nimeifunga kwenye shuka. Anakaa mlangoni mwa jiko, anachambua choroko, mimi nachora. Pua yake niliikwangua mara nne. Siku moja alikuja kuangalia, akaniuliza, "Pua hiyo umeazima kwa nani?" Nilikasirika siku nzima. Jumamosi iliyofuata nikaona kweli ilikuwa pua ya mtu mwingine.

Lakini pale ndipo nilipokua. Nilijifunza kwamba paji lake la uso halikuwa kahawia kama nilivyokuwa nalipaka, lilikuwa na ubluu wa mwanga unaotoka uani. Nilijifunza kwamba chini ya taya kulikuwa na wekundu, ule wa udongo wa pale nje unaorudisha mwanga. Kope ya kushoto ilikuwa nzito kuliko ya kulia, na mdomo wake haukutulia, ulikuwa unatafuna mawazo. Kuna Jumamosi moja ya mwezi wa tano mkono wangu ulifuata jicho langu kutwa nzima bila kubishana. Nilirudi Singida nikitabasamu peke yangu garini mpaka jirani yangu akahama kiti.

Halafu yakaja mambo ya mafuta.

Rangi hizi huchanganywa na mafuta ya linsidi, yanayotoka kwenye mbegu za kitani. Ndiyo yanayozifanya zilainike na baadaye zikauke. Yangu yaliisha wakati nimebakiza jicho la kushoto, mashavu na mdomo. Niliagiza Dar, mzigo ukachelewa wiki ya kwanza, ukachelewa ya pili. Mama mkubwa akaniuliza nimekwama nini. Nikamwambia mafuta. Akauliza mafuta gani. Nikamwambia ni mafuta ya mbegu, yanatoka mbali. Akacheka. "Na haya ya kwangu yametoka kwenye mawe?" Akaingia ndani, akatoka na chupa ya soda imejaa mafuta ya alizeti, yamekamuliwa wiki ileile kutoka shamba lake mwenyewe.

Niambie ni Mnyiramba gani angekataa mafuta ya alizeti kutoka mkononi mwa mama yake mkubwa.

Ila nisimsingizie marehemu. Nilikuwa nimeshasoma kwamba kuna mafuta ya mbegu yanayokauka vizuri na mengine yanayosuasua. Nilisoma, nikauruka mstari huo. Wazo lilikuwa tamu mno: kumchora kwa mafuta ya alizeti aliyoipanda mwenyewe. Niliandika na makala humu humu, mnaikumbuka wengine, nikajisifu kwamba Singida tuna kila kitu na tunahangaika na vya Ulaya. Mkanipongeza. Fundi mmoja wa kupaka milango aliandika pale chini, kwa heshima kabisa, "Dada, alizeti haikauki, itakusumbua." Nikamfuta. Nilisema moyoni, fundi milango ataniambia nini mimi.

Kaka, kama bado unasoma humu, nisamehe.

Mama mkubwa alifariki ghafla, wiki tatu baada ya mimi kumalizia mdomo. Tulimsubiri mwanawe atoke Mbeya, siku zikapita, na wazee wakaamua jeneza lisifunguliwe. Picha ya kuweka mbele ya jeneza hakuna. Mjomba Elia, mdogo wake mama mkubwa, akanipigia: lete ile uliyomchora. Watu watamuagia pale.

Hapa ndipo pananiuma. Asubuhi ile, kabla ya kuifunga kwenye shuka, niliigusa pembeni ya sikio kwa kidole kidogo. Ilinata. Nilijua kwamba haijakauka. Ningeweza kusema. Ningeweza kumwambia mtu mmoja asimame pembeni awaambie watu wasiiguse. Sikusema, kwa sababu nilikuwa nafikiria watu wote wale watakavyoiona kazi yangu. Kwenye msiba wa aliyenilea, nilikuwa nasubiri kusifiwa.

Na walisifia. Wanawake walipoiona walipaza sauti ya kilio kwa pamoja, mmoja akasema, "Huyu hapa mwenyewe." Kwa muda kidogo nilikuwa na furaha. Nalisema hilo kwa aibu.

Kwetu kuaga hakuishii kwenye kuangalia. Mjomba Elia alitangulia. Aliweka kiganja chote kwenye shavu la picha, akamwambia dada yake maneno kwa Kinyiramba, taratibu, kama mtu anayemuamsha mgonjwa. Alipotoa mkono, shavu lilitoka nalo kidogo. Aliangalia kiganja chake, akakiingiza mfukoni mwa koti, akapita. Aliyemfuata akagusa. Na aliyemfuata. Mstari mzima ukagusa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka pale, nikaona mdomo wa mama mkubwa unavutwa kuelekea kwenye sikio na jicho zito linashuka. Wanawake walifuta vidole kwenye khanga zao. Hakuna aliyenilaumu. Nadhani wengi walidhani ndivyo picha za rangi zilivyo.

Tulipotoka makaburini mjomba aliniuliza kama inatengenezeka. Nikamwambia ndiyo, kabla ya arobaini itakuwa nzuri kuliko mwanzo.

Wiki tano nimekaa nayo humu ndani. Nikirekebisha shavu, jicho linaharibika. Nikiiacha ipumzike, upepo wa mwezi huu unaijaza vumbi na linang'ang'ania humo. Nina michoro mitatu ya penseli ya siku za mwanzo, zile nilizokuwa bado sijui kuangalia, na haina msaada wowote.

Ila ubovu wa picha siyo ulionimaliza. Juzi nilifumba macho nimkumbuke alivyokaa mlangoni mwa jiko, nikaona picha. Nikajaribu tena, nikaona picha, tena ile iliyoharibika. Uso wake mwenyewe sikuupata. Nilimtazama miezi mitatu kuliko mtu yeyote duniani, na nilichobaki nacho ni mdomo uliovutwa na mikono ya watu.

Ndiyo maana leo nimeukwangua. Nilijiambia nikiondoa ule uongo, yule wa kweli atarudi. Nitaanza upya, nitamaliza sura kwa siku moja, watu huwa wanafanya. Nikakaa mbele ya kanvasi tupu na mkaa mkononi kuanzia saa tatu mpaka saa nane. Nimechora pua. Ni pua ya mama wa jirani yangu anayeuza maandazi.

Saa tisa mjomba akapiga. Baada ya shikamoo na habari za huko, akasema, "Nimepiga kwa ajili ya ile picha. Usihangaike nayo tena."

Nikamuuliza kwa nini. Nilidhani wamepata picha nyingine, na kwa kweli nilishukuru.

"Tulikaa hapa na ndugu zako," akasema, "tukaona uilete ilivyo. Mimi nilimshika hapa shavuni. Mkono wangu uko pale. Wa mwanawe uko pale, wa majirani wote uko pale. Hatukumuona usoni siku ile, lakini tulimshika. Sasa usije ukatusafishia."

Niligeuka nikaitazama kanvasi.

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia, mjomba."

"Haya. Fremu nimeshachongesha. Ije hivyohivyo."

Nikasema, "Sawa, mjomba."

Sawa. Neno hilo limenitoka lenyewe, kama vile nimetumwa chumvi dukani.

Baada ya kukata simu nilienda kwenye ndoo ya taka, nikatoa vitambaa vyote, nikavitandaza sakafuni. Sijui nilikuwa natafuta nini. Vyote ni rangi moja, rangi ya tope. Huwezi kujua hapa lilikuwa shavu, hapa ilikuwa khanga. Nilikaa navyo pale chini nikalia, kilio ambacho msibani hakikunitoka kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kuangalia nani anaiangalia picha.

Na niandike na hili, maana humu nilijiahidi kutodanganya. Nimefikiria kughushi. Nimefikiria kupaka sura ya haraka, halafu nichukue kiganja changu na kuivuta, shavu hadi sikioni, nipige vidole hapa na pale. Watakuja Jumamosi, watalia, mjomba ataweka mkono wake juu ya alama ya mkono wangu na kuamini ni wake. Hakuna ambaye angejua. Nimefikiria mpaka aina ya kahawia nitakayotumia, na hapo ndipo nilipojiogopa.

Miaka yote hii nilidhani shida yangu ni mkono. Kwamba nikijua kuchanganya rangi, nikijua mwanga, nikipata vifaa, nitakuwa mchoraji. Leo mkono wangu unaweza kuifanya hiyo picha ya uongo vizuri sana. Na mama mkubwa alikubali kukaa kwa sababu aliamini anamwona anayemtazama.

Sidhani kama nitachora sura ya mtu tena. Silisemi hili kwa hasira. Mabango ya saluni yanatosha, wale wanawake wa kwenye mabango hawana mtu wa kuwalilia.

Ujumbe wa simu nimeuandika mara tatu na kuufuta. Mjomba hasomi ujumbe vizuri, atampa mtu amsomee, na maneno haya hayafai kusomwa na mtu mwingine. Kwa hiyo sisubiri Jumamosi. Nitaondoka kesho na gari ya kwanza, nimefunga ile kanvasi kwenye shuka kama siku zote. Nikifika nitamsalimia, nitaomba tuingie ndani wawili, nifungue shuka mwenyewe kabla hajaniuliza. Atatazama pale alipoweka mkono wake, na hapana kitu.

Nimejaribu kupanga sentensi ya kwanza nitakayomwambia. Nimefika kwenye "Mjomba", nikashindwa kuendelea.