Ukuta Mmoja wa Mashine ya Kusaga

Jumanne, 8 Aprili 2025
Nimenyimwa kibali! Loji ya ghorofa mbili kando ya ziwa — hapana. Afisa mipango miji anasema kiwanja chenye mashine yangu ya kusaga kiko ndani ya eneo la hifadhi ya ziwa. Jengo jipya marufuku. Ila jengo la biashara ambalo tayari lipo, ruksa kulikarabati. Kukarabati! Nikatoka pale natabasamu. Mke wangu, Mama Kindness, akauliza aliyenyimwa anachekea nini. Huyu mama sheria haimpandi.

Ijumaa, 11 Aprili
Mashine yenyewe nimeshauza. Fundi Marseli kabomoa kuta tatu za banda lake, kabakiza mmoja. Huo ndio jengo langu lililopo. Mama Kindness kalia: mashine ndiyo iliyosomesha watoto, sasa tutasaga ukuta? Nikamwambia atakuwa meneja wa loji. Jioni kanipa makande bila chumvi.

Jumatano, 16 Aprili
Jirani yangu Halidi kaleta pingamizi kwenye mkutano wa mtaa. Eti viboko hupanda pale usiku kula majani, sasa tuwapangishe vyumba? Watu wakacheka, na mwenyekiti naye! Nikasimama: mimi sijengi, nakarabati. Halidi akauliza ukuta mmoja ni jengo? Nikamuuliza, paja la kuku si kuku? Hapo hata yeye kacheka. Mwenyekiti kaamua kamati ya mtaa ije na yule afisa kujionea, Alhamisi ijayo.

Jumanne, 22 Aprili
Mvua tangu Pasaka. Ukuta umeinama — tena upande wa Halidi, juu ya banda lake la kuku. Nimempigia Marseli alete nguzo. Yuko Dareda ukweni. Anasema anakuja.

Jumatano, 23 Aprili
Marseli hajaja. Roho juu juu. Sijala.

Alhamisi, 24 Aprili
Naandika nikiwa uani kwa Halidi, mgongo wangu ukutani. Nikitoka, unaanguka.

Kamati iko nyumbani kwangu Maisaka inakula mbuzi. Mgeni wa serikali hakagui na njaa. Nimemwambia Mama Kindness awaongezee supu, na supu ikiisha awaongezee stori, mpaka Marseli afike na nguzo. Nimempigia: yuko njiani. Nyuma yake nasikia mama mkwe akimkaribisha ugali.

Halidi kaja kunifukuza uani kwake. Kaangalia ukuta. Kaangalia kuku wake — wanaatamia, hawahamishiki. Katukana kidogo, kisha naye kaweka mgongo. Sasa tunausukuma wawili, na pingamizi lake analiendeleza hapahapa sikioni mwangu.

Simu. Mama Kindness: nyama imeisha, wageni wameondoka kuja huko, na yeye amechoka na mimi.

Jamani, naogopa. Ukuta ukisimama mpaka waondoke, loji ninayo. Ukianguka, sina loji, sina mashine, na sijui kama mke ninaye.

Gari limefika. Afisa kashuka, anachokonoa meno. Najifanya naandika vipimo. Kaukagua ukuta juu hadi chini. Kafurahi! Kumbe jengo lipo kweli, anasema, tena majirani mnapatana hivi! Kinachobaki ni picha ya kuweka kwenye faili.

Kainua simu. Anatuomba tusogee pembeni, tunaziba jengo.

Halidi ananitazama.

“Baba Kindness,” ananong'ona, “tangulia wewe.”