Figa Jeupe la Shangazi

Stendi ya Mabasi, Mbinga

Shangazi Walburga, pamoja na ukoo wote mtakaosomewa barua hii huko Liuli,

Shikamooni. Kahawa imechanua vizuri.

Yale mawe meupe tuliyoyafukia pamoja na nyasi kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia mlimani, yalikuwa mayai ya joka. Joto la nyasi zilizooza limeyaangua. Mama yao ametua hapa stendi. Elimu yangu yote ya uganga haikumtisha; nilipomwamkia ndipo alipozuia moto wake.

“Mmoja hayupo,” alisema. “Nani kamchukua, mganga?”

Shangazi, ni lile jiwe ulilokwenda nalo Liuli ukalifanya figa. Usipikie tena juu yake. Lilazeni ufukweni, mrudi nyuma, wala msimrushie chochote mama yake akija kulichukua.

Nimejiweka dhamana hadi ampate mtoto wake, ili asiuchome mji. Barua hii naiandika katikati ya makucha yake.

Mtoto wenu,
Emerensiana