Hakimu Aliyekula Pilau

Mjukuu wangu Faiza,

Huku Mutsamudu tu wazima, ila bibi yako ananinyima chumvi. Unauliza kwa nini wanasheria wenu wa Moroni humsifu hakimu anayejitoa kwenye kesi.

Wakati wa mapinduzi karamu za harusi kubwa zilipigwa marufuku. Jirani yetu akafanya yake kwa siri, akashtakiwa. Kifungo kilimngoja. Hakimu, kijana wa serikali, akamuuliza, "Mzee, pilau ilipikwa?"

"Si uliila, mwanangu? Sahani yako niliileta mwenyewe."

Tulicheka, yeye hakucheka. "Ni kweli. Basi aje hakimu ambaye hakula."

Katika mji mzima hakupatikana hata mmoja. Mzee akarudi nyumbani, kijana akafukuzwa kazi.

Sisi wanasheria wa barazani tuliibishania hukumu ile mpaka kahawa ikapoa. Hatukuafikiana, lakini hadi leo akipita tunasimama na kumwita Hakimu.

Babu yako mtundu