Gauni la Damu ya Mzee Limerudi kwa Mlango wa Mbele

Ilikuwa mwaka 2022, kiangazi kikielekea ukingoni, ulipotutoka ukiacha uzi ungali kwenye tundu la sindano ya cherehani yako. Mwaka mmoja umezunguka, mwanetu, na uzi ule hakuna aliyethubutu kuuchomoa.

Tunakukumbuka ukiwa na utepe wa kupimia shingoni kama wengine wavaavyo mkufu. Tunakukumbuka ukiimba kwa sauti isiyopatana na wimbo wowote, na ukinywa chai iliyokwisha kupoa, kwa sababu mteja wako hakusubirishwa. Nguo ya mjane ilishonwa kwanza. Ya tajiri ilingoja zamu.

Bibi yako alipofika miaka arobaini alikwisha kuwa mzee. Uzee haukumjia, alivikwa. Alipomwoza binti yake wa kwanza, wakubwa walimletea nguo mbili za rangi ya majivu, wakamwambia kwamba rangi nyingine sasa ni za wanawe. Mama yako naye, alipofika umri huo, aliambiwa kuwa viatu vyake vya visigino vinapiga kelele zisizomfaa mama mkwe wa watu. Akavifunga kwenye gazeti, akavitia juu ya kabati, akaanza kutembea kama anayekanyaga mayai. Alistaafishwa ujana kwa amri, na hata barua ya kumshukuru hakupewa.

Wewe ulikataa. Ulipotimiza miaka hamsini ulikata nywele, ukazitia rangi ya shaba, ukajishonea gauni la rangi ya damu ya mzee lenye kiuno.

Mama yako hakulipenda. Alikwambia kwamba shingo imeshuka mno, kwa vidole viwili. Uliipandisha kwa kidole kimoja.

“Kimoja chako, mama, kimoja changu,” ukasema, na mkaachana hivyo.

Hata leo halipendi. Lakini kutolipenda gauni ni jambo moja, na kumnyima mwenye gauni ni jambo jingine.

Chumba chako cha mbele kilijaa wanawake wa rika lako, waliozoea kuomba nguo ya kujifichia. Muuguzi mmoja alikujia, mikono kaikunja tumboni.

“Fundi, nishonee kitu kipana, kifichefiche huku mbele.”

“Unaficha nini, mama? Umeiba?”

“Si mwili huu, fundi. Umeshazaa wanne.”

“Basi umefanya kazi. Mfanyakazi hafichwi. Simama wima nikupime.”

Siku ya kulichukua gauni lake, lenye mkanda, alipita mbele ya kioo chako mara tatu akijifanya anautafuta mkoba.

Aliyekusema kuliko wote ni wifi yako mkubwa, dada wa mumeo. Katika harusi ya binti yako alikutazama juu hadi chini, watu wakisikia.

“Wifi, mbona sielewi? Leo anaolewa binti au mama?”

“Anaolewa binti, wifi. Mama amekuja kupendeza. Wewe umekuja kufanya nini?”

“Na rangi hiyo, kwa umri huo!”

“Si inaitwa damu ya mzee? Ulitaka avae mtoto?”

Watu walicheka, wengine kwa ajili yako, wengine dhidi yako. Wasichojua ni kwamba wifi huyohuyo alikuwa akikujia kwa mlango wa jikoni, nguo zake zikiwa kwenye mfuko, ili uzitie kiuno. Kiuno chake alikivaa ugenini, mahali asipojulikana. Nyumbani alivaa magunia. Nasi hatukujua, kwa sababu siri ya mteja uliifunga kama pindo, kwa ndani.

Ugonjwa haukukupa muda. Kitandani, hospitalini, ulimshika binti yako mkono ukamwambia, “Msinivishe uzee. Nivisheni lile la damu ya mzee.” Hukuomba kingine.

Tulilitafuta. Binti yako alipekua kabati, akapekua chumba cha kushonea, akafungua hata vifurushi vya wateja. Wifi yako alisimama mlangoni akitazama.

“Pengine aligawa,” alisema. “Si mnaujua mkono wake? Wala msihangaike, ninalo moja la heshima.”

Likaja gauni la kijivu lenye mikono kama foronya, pamoja na kitambaa cha kuzifunika nywele za shaba. Mumeo, aliyelemewa na msiba, aliitikia kwa kichwa. Tukakuzika ukiwa umevikwa uzee wa bibi yako. Waliokuja kukuaga walisema kwamba umependeza. Mama yako aliwasikia, akauma meno.

Mwezi uliopita binti yako alionyeshwa picha za harusi kwenye simu ya jamaa aishiye mji mwingine. Wifi yako alikuwa mstari wa mbele, amevaa gauni lako. Harusi ile ilifungwa juma moja kabla hujafariki.

Alipoulizwa hakukana. Alikuja kwa mlango uleule wa jikoni, gauni mfukoni, machozi mashavuni.

“Aliniazima mwenyewe, mama. Haki ya Mungu. Sasa siku ile ya msiba ningesemaje? Baada ya yote niliyomsema, niseme ninalo mimi?”

“Ungesema hivyo hivyo,” mama yako alimjibu.

“Ningeaibika.”

“Ukaona heri aaibike maiti.”

Mumeo akaingia kati. “Mama, yaishe basi. Lipokee.”

“Yataisha yakimalizwa. Gauni hili halikushonwa livaliwe na mfuko. Alirudishe mchana, kwa mlango wa mbele, likiwa mwilini.”

Jumapili iliyopita tulikusanyika kukukumbuka. Sebule ilijaa wateja wako, majirani, na wale waliozoea kukucheka. Wifi yako aliingia kwa mlango wa mbele amevaa damu ya mzee. Lilimkaa vizuri, na hilo nalo liliuma. Alisimama katikati ya chumba, asijue mikono aiweke wapi.

“Gauni hili si langu,” alisema. “Ni la marehemu, kalishona mwenyewe. Nililiazima huku nikimcheka. Kisha nikalificha, nanyi mkamzika na langu. Na nguo zangu zote nzuri mnazoziona kwenye picha, fundi ni yeye.”

Hakuna aliyecheka. Yule muuguzi ndiye pekee aliyesema neno, tena kwa sauti ya chini: “Kumbe.”

Wifi yako aliingia chumbani akalivua, akalikunja vizuri. Hakuwa amekuja na nguo ya kubadilisha. Mama yako alimpa mojawapo ya nguo zake za rangi ya majivu. Akaenda zake nayo, mchana kweupe, akitembea kama anayekanyaga mayai.

Gauni sasa limetundikwa juu ya cherehani yako. Limerudi, nawe huwezi kulivaa. Uchungu wa jambo hilo hautapunguzwa na maneno yetu. Picha iliyo juu ya tangazo hili ni yako hasa: nywele za shaba, kiuno, na shingo iliyoshuka kidole kimoja zaidi ya ilivyopasa. Ile ya msiba wa mwaka jana, yenye kitambaa, tumeiondoa.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye viatu vyake vimeshushwa kabatini, ingawa miguu haiviwezi tena. Na mumeo, anayeifuta vumbi cherehani kila asubuhi bila kuugusa uzi. Na binti yako, ambaye ameanza kukikalia kiti chako. Na wanawake wote wa chumba cha mbele. Maadamu mmoja wetu angali na macho, sura yako ni hii, wala hatutaipokea nyingine.

Unakumbukwa pia na wifi yako mkubwa, aliyeomba atajwe mwisho. Kama amesamehewa, mama yako hajalitamka. Wifi huyo ndiye atakayelipeleka tangazo hili gazetini kwa mkono wake. Amesomewa lote, mwanzo hadi mwisho, na hakuomba neno hata moja lifutwe.