Imegunduliwa na Nani?

Jumamosi, Arua. Mvua haijakoma tangu asubuhi. Nguo nimezianika sebuleni, na harufu ya sabuni imejaa nyumba nzima.

Leo nimeibiwa mbele ya watu, nami nikapiga makofi.

Nieleze kwa utaratibu. Kila Jumanne ya pili huenda Koboko, kwenye chumba cha kushonea cha Poni, mjane wa askari. Tunakutana wanawake wanane kusoma riwaya za Kiingereza za mwanzoni mwa karne iliyopita. Mimi husoma ukurasa, kisha huueleza kwa Kiswahili, kwa kuwa Mkakwa, Mlugbara na Mnubi tukikaa pamoja, hiyo ndiyo lugha inayotukutanisha.

Mwaka huu tunasoma habari za mke wa karani wa benki. Shuleni nilifundishwa kwamba mwanamke huyo ni baridi, hana shukrani. Nami niliwafundisha wanafunzi wangu hivyo hivyo, hadi nikastaafu.

Kumbe hatukuwa tumetazama vitenzi. Tangu harusi hadi sura ya tisa, mwanamke huyo anavishwa, anapelekwa, anatambulishwa, anasamehewa. Hatendi lolote. Ubaridi si tabia yake. Mwandishi hakumpa kitenzi. Katika sura ya tisa anafungua dirisha alilokatazwa, na nyumba nzima inagombana kwa sababu ya dirisha.

Jambo hilo nilimweleza Asina hapa sebuleni, mwezi uliopita. Asina alikuwa mwanafunzi wangu, akalala chumba changu cha nyuma miaka miwili alipokuwa akisoma. Sasa ni mhadhiri. Aliandika kila nililosema, nami nilifurahi kuona kalamu yake ikikimbia.

Leo ametoa mhadhara chuoni kwao, kwa Kiswahili, kuhusu wanawake katika riwaya hizo. Nilikaa mstari wa mbele. Vitenzi vyangu vilipita kimoja kimoja, kwa mpangilio ule ule, hadi dirishani. Halafu akasema, "Imegunduliwa kwamba mhusika huyu amenyimwa utendaji."

Imegunduliwa.

Mimi ndiye niliyemfundisha kauli ya kutendwa. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba inamruhusu mtu kumficha mtenda.

Baadaye alikuja kunisalimu, akapiga magoti kama ilivyo desturi, uso unang'aa.

"Mwalimu, umefurahi?"

"Imegunduliwa na nani, Asina?"

Akacheka. "Mwalimu na sarufi yako! Chuoni ndivyo tunavyoandika. Hatutaji watu ovyo."

Watu ovyo. Nilichukua mwavuli wangu nikaondoka. Ningeweza kuvumilia wizi wa mtu nisiyemjua.

Nilipofika nyumbani nilitafuta daftari langu la Koboko, nipate ushahidi. Nilitaka kumpelekea ukurasa wenyewe, wenye mwandiko wangu, aone haya. Niliupata. Nimeusoma mara tatu, na sasa sitaki kuupeleka popote.

Nimeandika, kwa wino wangu: "Ilionekana kwamba mhusika hatendi."

Chini yake kuna mstari mwingine, nilioupigia mstari mwekundu: "Si 'hapana fanya', ni 'hafanyi'. Si 'iko nafanyiwa', ni 'anafanyiwa'."

Ndipo siku ile iliponirudia. Poni alikuwa akitia uzi kwenye cherehani, hata hakuinua kichwa.

"Mwalimu, huyu mwanamke hapana fanya kitu," alisema. "Iko nafanyiwa tu. Kama mbuzi ya mahari."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilimsahihisha, nikamtaka arudie sentensi nzima kwa Kiswahili fasaha.

"Mimi narudia," alisema, "lakini wewe iko nasikia maneno, ama iko nasikia makosa?"

Nikaenda nyumbani, nikahesabu vitenzi siku mbili, nikaamini kwamba wazo ni langu. Makosa yake niliyaandika yote. Jina lake sikuliandika.

Hilo halimtakasi Asina. Alijua ametoa wapi aliyoyasema. Mimi nilikuwa nimesahau. Bado namwona akipiga magoti, na bado inauma. Lakini nikiwa mkweli, kusahau kwangu hakukuwa bahati mbaya. Sikudhani kwamba mtu asemaye "iko nafanyiwa" anaweza kugundua kitu.

Nimechukua kalamu, nimeifuta sentensi ile, nimeandika upya: "Poni aligundua kwamba mhusika hatendi." Asina nitamwandikia sentensi hiyo hiyo, bila salamu ndefu.

Jumanne ni zamu ya Koboko. Nitakwenda na daftari, nitamwonyesha Poni ukurasa wenyewe, pamoja na wino mwekundu. Najua ataniuliza jina lake lilikuwa wapi siku zote hizi.

Nitamjibu, "Lilisahaulika"? Au nitakuwa na ujasiri wa kusema, "Nililiacha"?